Yule Aliyeonekana Mzima: Uchambuzi wa Kisa cha Sumu ya Cicuta Katika Msitu wa Maine, 1992

Kisa kwa ufupi

Tarehe 5 Oktoba 1992, ndugu wawili waliingia katika msitu wa pwani ya kati ya jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kutafuta jinsengi ya mwituni. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 23 na mwenzake miaka 39. Katika sehemu yenye kinamasi walipata mimea kadhaa, na wote wawili wakautafuna mzizi mmoja. Yapata saa tatu baadaye yule mdogo alikuwa ameshafariki, na yule mkubwa, aliyeonja mzizi ule ule, alipona kabisa. Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani vilikichapisha kisa hiki katika taarifa yao ya kila wiki ya tarehe 8 Aprili 1994 bila kutaja majina, na hapa nitawaita Mdogo na Kaka.

Nimekichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Maine ya leo ina wasomaji wengi wa Kiswahili, hasa katika miji ya Portland na Lewiston, waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko, na wengi wao wamekulia mahali ambapo kuchuma mboga porini ni sehemu ya kawaida ya kulisha nyumba. Ya pili ni kwamba jambo lenye uzito zaidi katika kisa hiki, kwa maoni yangu, halimhusu aliyekufa. Linamhusu yule aliyefika hospitali akiwa hana dalili hata moja na bado akahesabiwa kuwa mgonjwa.

Usuli: mmea, jamaa zake, na ule waliokuwa wakiutafuta

Cicuta ni jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ya mimea ya mwituni itoayo maua, katika familia ya karoti ambayo kitaalamu huitwa Apiaceae. Familia hii ina spishi zaidi ya 3,000, na sisi tunaila karibu kila siku bila kuitambua: karoti yenyewe, giligilani, bizari ya pilau, shamari. Wengi wa jamaa hawa hufanana kwa maua, kwa sababu vijiti vyembamba hutoka katika ncha moja ya shina na kutawanyika kama mbavu za mwavuli, kila kimoja kikibeba vijiua vidogo, mara nyingi vyeupe. Mtu aliyezoea kuuona mwavuli huo kwenye giligilani iliyoachwa ikakomaa shambani huuona tena kando ya kijito cha Amerika Kaskazini na kuhisi kwamba amekutana na kitu anachokijua. Hisia hiyo si ya kipumbavu, maana undugu wa mimea hiyo ni wa kweli. Ila familia iliyotupa karoti ndiyo hiyo hiyo iliyozaa baadhi ya mimea yenye sumu kali kuliko yote katika nchi za baridi.

Kwa kawaida jenasi hii huhesabiwa kuwa na spishi nne. Cicuta virosa huota Ulaya na Asia ya kaskazini na kufika hadi kaskazini ya mbali ya Amerika. Cicuta douglasii ni ya magharibi mwa Amerika Kaskazini. Cicuta bulbifera ni ndogo na nyembamba kuliko wenzake. Na Cicuta maculata, inayohusika katika kisa hiki, imeenea sehemu kubwa ya Amerika Kaskazini. Zote hupenda maji, iwe kinamasi, ukingo wa kijito au mtaro kando ya malisho. Hakuna hata moja iliyo ya asili ya Afrika Mashariki. Ndiyo maana Kiswahili hakina jina la mmea huu, na mtu aliyelelewa Kigoma, Bukavu au Rumonge hakuwa na bibi wa kumwonya juu yake.

Wamarekani huuita hemloki ya maji, na jina hilo huzaa mkanganyiko ambao unaweza kuvuruga hata matibabu. Hemloki iliyomuua Socrates mjini Athens mwaka 399 kabla ya Kristo ni mmea mwingine wa familia hii hii, uitwao Conium maculatum. Warumi wa kale waliuita huo cicuta, na karne nyingi baadaye jina hilo likaangukia jenasi tunayoizungumzia. Sumu ya Conium hulegeza misuli hatua kwa hatua hadi pumzi inakoma, ilhali sumu ya Cicuta huleta degedege kali. Anayempigia simu daktari na kusema neno "hemloki" peke yake anaweza kumfanya asubiri ugonjwa usiokuja.

Cicuta maculata hukua kufikia mita mbili hivi. Shina lake ni laini lisilo na nywele, lina uwazi ndani, na mara nyingi lina mistari au madoa ya zambarau. Neno la Kilatini maculata lina maana ya yenye madoa. Majani yake yamegawanyika mara mbili au tatu kuwa vijani virefu vyenye meno pembeni kama msumeno. Chini ya udongo kuna fungu la mizizi minene kama viazi vyembamba, na kitako cha shina kikipasuliwa kwa urefu mara nyingi huonyesha vyumba vidogo vilivyopangana kama vidato vya ngazi, na utomvu wa manjano wenye mafuta huchuruzika. Harufu yake ni ya kupendeza, karibu na ya karoti mbichi.

Sumu yenyewe inaitwa sikutoksini. Imo katika mmea wote, lakini kwa wingi zaidi katika mzizi, na kipande cha sentimita mbili au tatu kinaweza kumuua mtu mzima. Katika ubongo kuna kemikali iitwayo GABA ambayo kazi yake ni kutuliza chembe za neva zisiwake zote kwa pamoja. Sikutoksini huzuia kazi hiyo, na ubongo unabaki kama gari lililokatika breki kwenye mteremko. Haya si maarifa mapya kabisa, kwani daktari wa Uswisi Johann Jakob Wepfer alichapisha kitabu kizima juu ya madhara ya mmea huu mwaka 1679.

Sasa jinsengi. Jinsengi ya Amerika, Panax quinquefolius, ni ya familia nyingine, Araliaceae, ingawa familia hizo mbili ni jirani katika ukoo wa mimea. Mzizi wake umesafirishwa kwenda Asia tangu karne ya 18, na ule wa mwituni huuzwa kwa bei kubwa kuliko wa shambani, kwa hiyo si ajabu watu kuingia msituni kuutafuta. Huota katika kivuli cha miti ya majani mapana, kwenye udongo wenye mboji usiotuamisha maji. Majani yake hukaa kama kiganja, kwa kawaida vijani vitano vikitoka katika nukta moja, na mwishoni mwa kiangazi hubeba matunda mekundu katikati. Ukiuweka mmea huo kando ya Cicuta, yote mawili yakiwa na majani, hakuna atakayeyachanganya. Lakini Oktoba ni mwezi ambao majani ya Maine yananyauka na kuanguka, na aliyechimba hubaki na mzizi mnene mkononi.

Mfuatano wa matukio

Mdogo ndiye aliyekusanya mimea kutoka kwenye kinamasi. Aliutafuna mzizi wa mmea mmoja mara tatu, na Kaka akautafuna mzizi huo huo mara moja.

Haikupita nusu saa Mdogo akaanza kutapika na kupata degedege. Walikuwa bado ndani ya msitu, na ulikuwa mwaka 1992, kabla simu za mkononi hazijawa kitu cha kila mfuko. Walitoka msituni kwa miguu, na takriban dakika 30 baada ya ugonjwa kuanza waliweza kupiga simu kuomba msaada. Wahudumu wa dharura waliwafikia ndani ya dakika 15.

Walimkuta Mdogo hana fahamu, ngozi imegeuka rangi ya buluu kwa kukosa oksijeni, mapigo ya moyo yameongezeka kwa kiasi, mboni za macho zimepanuka, na mate yanamtoka kwa wingi. Alipata degedege kali za mwili mzima, na kila baada ya degedege pumzi ilikatika kwa muda. Walimwingiza mrija wa kupumulia kooni na kumkimbiza hospitali ya karibu, ambako madaktari waliosha tumbo lake na kumpa mkaa maalumu unaonyonya sumu. Kisha moyo ukapoteza mpangilio: vyumba vyake vya chini vikawa vinatetemeka tu bila kusukuma damu. Jitihada za kuurudisha, zilizofanywa zaidi ya mara moja, hazikufaulu. Alifariki takriban saa tatu baada ya kuutafuna mzizi.

Kaka alifika hospitali akiwa mzima wa macho. Hakutapika, hakutetemeka, hakulalamika. Hata hivyo madaktari waliosha tumbo lake na kumpa mkaa ule ule. Saa mbili baada ya kula, akiwa tayari mikononi mwao, degedege zilimpata naye, zikifuatwa na kuweweseka.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kuchimba kwenye kinamasi, na mahali penyewe palikuwa ushahidi wa kutosha dhidi yake, kwa kuwa jinsengi haipendi miguu yake ikae majini. Watu wanaofundisha kutambua mimea huanza na majani na maua, nami naona wanaanza katikati. Swali la mwanzo linapaswa kuwa: je, mmea ninaoutafuta huishi mahali kama hapa? Kulijibu hakuhitaji darubini wala kitabu, na linafaa hata mwezi wa Oktoba ambapo majani yameondoka.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kuonja, na huu nataka tuuangalie kwa haki, kwa sababu unatugusa. Kwetu kuonja ni kipimo halali cha mazao fulani. Anayelima mihogo huuonja mzizi mbichi kidogo. Ukiwa mchungu anajua kwamba una sumu ya sianidi na kwamba utahitaji kuloweka, kuchachua na kuanika kabla haujawa unga. Ulimi wa mkulima huyo ni chombo cha kazi, na umeokoa maisha mengi. Kipimo hicho lakini kimejengwa juu ya zao moja ambalo uchungu wake na sumu yake hukaa pamoja. Mzizi wa Cicuta hautoi onyo la namna hiyo. Harufu yake inamkaribisha mtu, na kiasi kinachotosha kuonja kinakaribia sana kiasi kinachotosha kuua. Wala maarifa ya kuloweka na kupika hayahamishiki. Huko Argyll, Uskoti, kikundi cha vijana kilipika mizizi ya Oenanthe crocata, mmea wa familia hii wenye sumu ya aina hiyo hiyo, ndani ya mchuzi wa viungo, na baadhi yao waliugua ingawa chakula kilikuwa kimechemka.

Uamuzi wa tatu, wa kutoka msituni kwa miguu, ulifanywa katika hali ambayo haikuwa na chaguo jema. Mwili unaopata degedege unachoma oksijeni kwa kasi, na kutembea huongeza mzigo huo. Kwa upande mwingine, kama Kaka angetangulia peke yake kutafuta simu, angemwacha mwenzake bila mtu wa kumlaza ubavu wala kuhakikisha matapishi hayaingii mapafuni. Na yeye mwenyewe alikuwa amekula mzizi ule, kwa hiyo angeweza kuanguka njiani na kuwaacha wote wawili wasijulikane walipo. Kwa kuwa Mdogo aliweza bado kwenda, na simu ilikuwa nje ya msitu, naona walifanya kilicho sahihi. Dakika 30 walizotumia hazikuwa uzembe.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa wahudumu wa dharura, kulishughulikia koo na pumzi kabla ya jambo jingine lolote. Sikutoksini haina dawa ya kuivunja. Kinachowezekana ni kuuweka mwili hai, hewa ikiingia na degedege zikizuiwa, hadi sumu ipite, na mrija wa kupumulia ndio mwanzo wa kazi hiyo.

Uamuzi wa tano ni wa kumtibu Kaka. Madaktari walikuwa na mgonjwa mmoja anayekufa mbele yao, na mtu wa pili ambaye kwa kila kipimo cha macho alikuwa mzima. Katika chumba cha dharura nguvu zote huvutwa na yule anayekufa, na ni rahisi sana aliye mzima kuambiwa akae nje asubiri habari za ndugu yake. Walichokitegemea ni historia badala ya dalili: mzizi ni ule ule, kinywa kimeugusa, na tofauti kati ya wawili hao ilikuwa kiasi tu.

Matokeo

Mdogo alifariki siku hiyo hiyo. Kaka alipata degedege na kuweweseka, akapona bila madhara mengine yaliyobaki. Mmea ulitambuliwa kuwa ni Cicuta maculata. Taarifa ya mwaka 1994 ilikiweka kisa hiki kando ya hesabu ya kitaifa: kati ya mwaka 1979 na 1988, angalau watu 58 nchini Marekani walikufa baada ya kula mimea au uyoga wenye sumu wakidhani ni kitu kingine, na angalau watano kati yao waliuawa na hemloki ya maji. Taarifa hiyo ilitaja pia vifo vya watoto waliotengeneza filimbi kwa shina la mmea huu kwa kuwa lina uwazi ndani. Mzazi yeyote ambaye utotoni alipuliza filimbi ya bua la jani la mpapai ataelewa mara moja jinsi jambo hilo linavyoweza kutokea.

Uchambuzi: kilichofaa

Ingekuwa rahisi kusema kwamba kuoshwa tumbo na mkaa ndivyo vilivyomwokoa Kaka, na wengi wanaokisimulia kisa hiki husema hivyo. Sidhani kwamba ushahidi unaruhusu. Kaka alitafuna mara moja na Mdogo mara tatu, na kwa sumu yenye nguvu hii tofauti hiyo peke yake ingeweza kuamua nani anaishi. Aidha, kufikia wakati alipooshwa tumbo sehemu ya sumu ilikuwa imeshaingia katika damu, vinginevyo degedege zisingekuja. Isitoshe, mwelekeo wa tiba umebadilika tangu wakati huo: madaktari wa leo huosha tumbo kwa nadra, zaidi pale mgonjwa anapofika mapema sana, na hujali kwanza usalama wa njia ya hewa, kwa sababu mtu anayeweza kupata degedege ghafla anaweza kuvuta maji, mkaa au matapishi ndani ya mapafu.

Ninachoweza kukisema kwa uhakika ni kidogo kuliko hicho, lakini kina maana zaidi. Degedege za Kaka zilipofika, zilimkuta hospitalini. Hakuwa kwenye kiti cha gari akielekea nyumbani, wala chooni peke yake, wala barazani akiwapigia ndugu simu ya msiba. Palikuwa na watu waliozitarajia, oksijeni, na dawa. Kwa degedege za sumu hii dawa zinazofaa ni za jamii ya diazepamu na lorazepamu, ambazo huiongezea nguvu ile ile breki ambayo sumu inaikandamiza, na zikishindwa hufuatwa na dawa za jamii ya barbiturati. Fenitoini, inayotumika kwa wagonjwa wengi wa kifafa, haitegemewi hapa kwa sababu hufanya kazi kwa njia nyingine. Mgonjwa anayepata dawa hizo dakika ya kwanza ya degedege na mgonjwa anayezipata baada ya dakika 45 ni wagonjwa wawili tofauti hata kama walikula kiasi kimoja.

Tukihesabu muda, tofauti hiyo inaonekana waziwazi. Tangu degedege za Mdogo zilipoanza hadi wahudumu walipomfikia zilipita takriban dakika 45, na katika muda huo ubongo, misuli na moyo vilikuwa vinagombania oksijeni isiyotosha. Degedege zinazojirudia huijaza damu asidi na kuvunja misuli, na moyo unaolishwa damu ya namna hiyo hupoteza mpangilio, kama ulivyofanya wa Mdogo. Mrija na matibabu ya hospitali vilikuwa sahihi, ila vilianza wakati mwili ulikuwa umeshakwenda mbali.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kilichoshindikana kwanza ni utambuzi, nami siuoni kama upungufu wa akili wa ndugu hawa. Walikosa mtu wa kuwaonyesha mmea kwa mkono. Maarifa ya mboga za porini, kwetu na kwao, hupita toka mkono hadi mkono: mtoto humfuata bibi, huchuma mgagani, mnavu au mchunga, naye bibi hulipekua fungu na kutupa kisichofaa. Baada ya misimu kadhaa mtoto anajua, lakini anachokijua ni mimea ya bonde lile. Akihamia bara lingine anabaki na ujasiri wote na sehemu ndogo tu ya maarifa. Kwa hiyo ninaposema na wenzangu walioko Amerika Kaskazini au Ulaya siwaambii waache kuchuma. Mchicha mwitu unaota huko, na ni chakula kizuri. Ninawaambia kwamba kwa familia ya karoti waanze kuhesabu upya kana kwamba ni watoto, na kwamba mmea wowote wa mwituni wenye maua ya mwavuli mweupe, unaoota penye maji, waupite bila kuuchimba.

Najua kwamba baadhi watauliza juu ya alama nilizozieleza hapo juu, yaani madoa ya zambarau, vyumba vya ngazi na utomvu wa manjano. Zinafaa upande mmoja tu. Ukiziona, una sababu ya kuondoka. Usipoziona, huna ruhusa ya kula, kwa kuwa mmea mchanga unaweza kukosa madoa, na vyumba si lazima vionekane vizuri katika kila mzizi. Karoti mwitu, Daucus carota, ambayo huota Maine pia, hupenda mashamba makavu na shina lake lina nywele; hata hivyo siwezi kumshauri mtu aweke maisha yake juu ya nywele za shina.

Kilichoshindikana pili ni kiasi. Kaka aliuma mara moja, Mdogo mara tatu, na kwa kuwa dalili huchukua hata nusu saa au zaidi kuanza, hakukuwa na kitu cha kumzuia Mdogo kati ya kuuma mara ya kwanza na mara ya tatu. Hapa ndipo wazo la "nitaonja kidogo nione" linapovunjika kabisa: jibu la mwili huja baada ya mtu kuwa ameridhika.

La tatu halikutokea katika kisa hiki, lakini lingetokea kwetu, kwa hiyo nalitaja. Katika nyumba zetu aliyekula sumu hupewa maziwa, na katika sehemu za Kongo mafuta ya mawese, au huingizwa kidole kooni atapike. Maziwa na mawese haviondoi sikutoksini. Vinakula dakika ambazo zingetumika kufika hospitali. Kutapishwa ni hatari zaidi, kwa kuwa degedege zinaweza kuanza katikati ya kutapika. Kwa walioko Marekani kuna njia bora inayopatikana usiku na mchana bila malipo: vituo vya ushauri wa sumu, namba 1-800-222-1222, ambako mkalimani anaweza kuombwa. Mtu akiwa ameshaanza degedege, ameshindwa kupumua au hana fahamu, namba ni 911. Mmea uliobaki, pamoja na mzizi na majani, utiwe kwenye mfuko na kupelekwa hospitali, kwa sababu daktari akiuona mmea ataacha kubahatisha.

Swali lililoulizwa hospitalini

Narudi kwa Kaka. Ili madaktari wamtibu, ilibidi kwanza mtu ajue kwamba naye alikula. Yeye mwenyewe alikuwepo, alikuwa na fahamu na angeweza kusema. Katika kisa cha mzizi ulioliwa mbichi msituni na watu wawili, hesabu ya waliokula ni nyepesi. Mzizi huo huo ukifika nyumbani, ukamenywa, ukakatwakatwa ndani ya sufuria moja ya mboga na kupakuliwa kwenye sinia, hesabu hubadilika. Wa kwanza kutapika atabebwa na watu wawili au watatu wenye afya njema, na kila mmoja wao atakuwa amekula kutoka kwenye sinia lile lile. Mapokezi watauliza mgonjwa ni nani, nao watamwonyesha aliyebebwa. Muuguzi anayeuliza zaidi, "Nani mwingine amekula chakula hiki, na saa ngapi?", atapata majina yao wenyewe, jina la jirani aliyepita akakaribishwa tonge mbili, na majina ya watoto ambao walikula mapema na wakati huo wamelala nyumbani, mlango umefungwa kwa nje.